Kiti cha Mzee Wima

Ukumbi wetu ulikuwa na viti mia mbili na arobaini. Aliyevijua kimoja kimoja, kipi kimelegea mguu na kipi kimechanika kitambaa, ndiye mtu pekee ambaye hakuruhusiwa kukalia hata kimoja. Tulimwita Mzee Wima. Alikuwa mlinzi wa mlango wa ukumbi huo, na Taasisi yetu, kwa taarifa yako, kazi yake ilikuwa kufundisha haki za binadamu. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mimi nilicheka miaka mingi.

Kila asubuhi ya semina Mzee Wima alivua kofia, akaitundika kwenye kitasa, akaanza kupanga viti. Safu kumi na mbili, kila safu viti ishirini, katikati njia ya kupita wakubwa. Vilikuwa viti vya bluu, vyenye mto laini, na chini ya kila kimoja kulikuwa na namba ya mali ya Taasisi kwa rangi nyeupe. Mzee alivipanga kwa kamba, akirudi nyuma na kufumba jicho moja kuona kama safu imenyooka. Kisha akavaa kofia, akasimama kando ya mlango, mikono nyuma, mpaka saa kumi na moja jioni. Ukutani, nyuma ya kichwa chake, palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa Azimio la Haki za Binadamu, vifungu vyote thelathini, ndani ya fremu ya kioo. Nyingine ilikuwa ya kampuni ya ulinzi iliyomwajiri, yenye sentensi moja tu: mlinzi atakayekutwa ameketi lindoni atahesabiwa hakuja kazini. Hiyo ya pili haikuwa na fremu, ila ndiyo iliyokuwa ikifuatwa.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao. Kazi hiyo ukiitazama kwa mbali unaweza kuidharau, na wenzangu waliidharau hata kwa karibu. Nilikaa mwisho wa meza, kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, nikaandika nani kasema nini, nani katoa udhuru na nini kimeazimiwa. Kikao kilichofuata kilianza kwa Mkurugenzi kuuliza, "Kumbukumbu za kikao kilichopita mmezipitia?" Wote wakaitikia, "Tumezipitia." "Zina marekebisho?" "Hazina." Anatia saini, na kuanzia hapo kilichoandikwa ndicho kilichotokea.

Kwamba hakuna aliyezipitia nilijua tangu mwaka wangu wa tatu. Mwaka huo orodha yangu ya sokoni ilijichomeka katikati ya ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa cha Mengineyo: sabuni ya kufulia, vitunguu, betri mbili, dawa ya mende. Nilipoigundua ilikuwa imekwisha kuthibitishwa bila marekebisho na kutiwa saini. Mpaka leo, kwa mujibu wa kabati la Taasisi, wajumbe tisa waliketi wakaazimia dawa ya mende. Nilicheka peke yangu wiki nzima, kisha nikasahau. Sikuona kama siri ile ingeweza kumfaa mtu yeyote.

Mzee Wima alinifuata siku moja washiriki wakiwa kwenye chai. Hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mrefu, mkavu, na sare yake mkewe aliipiga pasi mpaka mikunjo ya suruali ikasimama yenyewe.

"Mwanangu, si wewe unayeandika wanayosema wakubwa?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi niandikie na langu. Dogo tu."

Akapandisha suruali ya mguu wa kushoto. Mishipa ilikuwa imevimba na kujinyonga kutoka gotini hadi kifundoni, na juu kidogo ya soksi ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi, inang'aa. Akanipa karatasi ya hospitali. Daktari alikuwa ameandika kwamba damu ya mguu ule inashuka vizuri, kupanda ndiyo shida. Kwa hiyo kila saa mgonjwa akae robo saa, mguu uinuliwe. Asipofanya hivyo kidonda kitafunguka, na kidonda cha namna ile kikishafunguka hakifungi kirahisi.

"Nimebakiza miaka mitatu nistaafu," akasema. "Sitaki makubwa. Nataka nifike huko na miguu yangu miwili. Stuli tu, hata ile mbovu ya stoo."

"Si ukae tu, mzee? Nani atakuona?"

Akanitazama kama vile nimemshauri aibe. "Msimamizi anapita na pikipiki yake, hana saa maalumu. Mwenzangu wa geti la nyuma alikutwa amechuchumaa, siku ile ile akavuliwa sare. Na alikuwa anafunga kamba za viatu."

"Nitaliingiza kwenye ajenda," nikamwambia. Nilisema kwa moyo safi. Kweli, nilikuwa sijawahi kuona jambo likiingia kwenye ajenda ile likatoka, lakini moyo ulikuwa safi.

Likaingia, mwisho kabisa, chini ya Mengineyo. Mkurugenzi wetu alikuwa mama mwema, na hapa sifanyi kejeli. Filamu za wanaoteswa, tulizoonyesha kwenye semina, alizitazama kila mwaka na kila mwaka alilia. Aliposikia habari ya mzee alisema, "Jamani, kiti? Apewe!" Na angepewa, tukafunga kikao tukaenda nyumbani, kama Mwanasheria asingekohoa. Mwanasheria wa Taasisi tulimwita Kifungu, kwa sababu hakuweza kuomba chumvi mezani bila kutaja kifungu.

"Mheshimiwa, tusikimbilie," akasema Kifungu. "Tukimpa kiti kama hisani tutakuwa tumemdhalilisha. Haki haitolewi kama sadaka. Kwanza tujue anadai kama nani, anamdai nani, na kwa msingi gani."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyetaka kumdhalilisha mzee wa watu.

Kifungu akaenda ubaoni. Akaanza na misingi: haki za binadamu zinatokana na utu, mtu huzaliwa nazo, hapewi na serikali wala mwajiri, na hakuna wa kumnyang'anya. Hapo, akasema, mzee ameshinda. Tabu iko kwenye mawanda, yaani haki hiyo inafika mpaka wapi na inambana nani. Mikataba ya kimataifa imetiwa saini na dola, na dola ndiyo yenye wajibu wa kuheshimu, kulinda na kutimiza. Sasa Taasisi si dola, ingawa inaendeshwa kwa fungu la serikali. Kampuni ya ulinzi si dola hata kidogo, ingawa imeingia mkataba na Taasisi, ambayo si dola, ingawa. Akachora mishale. Mishale ikakutana katikati ya ubao, akaifuta kwa kiganja.

"Tuje kwenye haki yenyewe," akaendelea. "Kupumzika kumo, kifungu cha ishirini na nne. Afya imo. Mazingira mema ya kazi yamo. Kiti, kama kiti, hakimo." Akaturuhusu tulitafakari hilo. "Tena haki za kundi hili hutekelezwa hatua kwa hatua, kadiri ya uwezo uliopo. Haba na haba hujaza kibaba."

"Uwezo si upo?" akauliza Mkurugenzi. "Viti viko mia mbili na arobaini hapo nje."

"Vile ni vya mafunzo, Mheshimiwa. Wafadhili wameandika: kwa matumizi ya mafunzo tu. Mlinzi hafunzwi."

Ikaazimiwa kwamba kampuni ya ulinzi iandikiwe barua. Nikaandika kwamba imeazimiwa.

Kampuni ilijibu baada ya wiki sita. Ilisema inaheshimu haki za binadamu kwa dhati, na ina hata bango. Lakini kusimama ni sharti la mteja: mkataba, ukurasa wa nne, unamtaka mlinzi wa ukumbi asimame muda wote wa shughuli. Mteja ni sisi. Kifungu akajibu kwamba sharti hilo liliingizwa na kampuni kwenye rasimu. Kampuni ikajibu kwamba rasimu ilipitiwa na kukubaliwa na mwanasheria wa mteja. Mwanasheria wa mteja ni Kifungu. Akaomba muda wa kupitia jalada.

Basi jambo likapigwa danadana. Kutoka Mengineyo likahamia Yatokanayo, na katika Yatokanayo likatulia mwezi baada ya mwezi: "Suala la kiti cha mlinzi linaendelea kushughulikiwa." Suala lilikuwa limeshapata pa kukaa. Mwenyewe bado.

"Vipi mwanangu, wamefika wapi?" alikuwa akiniuliza kila nikipita.

"Wanalishughulikia, mzee. Subira."

"Subira yavuta heri, sikatai. Ila wanasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Sasa mimi sijui anayengoja kasimama anaumia wapi." Akacheka mwenyewe, akanifungulia mlango.

Kifungu naye alisimama mlangoni siku moja kumfariji. "Mzee, suala lako lina uzito mkubwa kisheria," akamwambia. "Wasomi wangelifurahia sana."

"Nashukuru, bwana mkubwa. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Kifungu akatoa kalamu, akaiandika methali ile nyuma ya bahasha. Wiki iliyofuata niliisikia akiitumia kufungulia semina.

Semina yetu kubwa ilikuwa ile ya siku tatu, ya misingi na mawanda ya haki za binadamu za kimataifa. Tuliifanya mara kumi na nne kwa mwaka, na Mzee Wima alikuwa mlangoni pale kwa miaka kumi na tisa. Ukipiga hesabu, hakuna profesa aliyeisikia mara nyingi kumzidi. Alijua mahali mwezeshaji atakapotania na mahali atakapokunywa maji. "Wanasema mtu anazaliwa na haki zake," aliniambia mara moja, washiriki wakiwa wametoka. "Mimi nina watoto watano, wote niliwabeba siku ya kwanza. Nilitazama sana. Mtoto anakuja na kilio na njaa, basi. Lakini ukimwekea kidole kiganjani anakishika, hakiachii. Labda ndiyo hiyo wanayoisema."

Nilitamani kuliandika hilo kwenye kumbukumbu. Sikuliandika, kwa sababu hakuwa mjumbe.

Mwezi wa sita alianza kunuka dawa. Mkewe alikuwa akimfunga bendeji chini ya soksi, na kila baada ya dakika chache mzee aliuhamishia mwili mguu wa kulia, kisha akaurudisha, kwa siri, kama mtoto anayeficha kitu nyuma ya mgongo. Safu za viti, zilizokuwa zikinyooka kama mstari wa rula, zikaanza kupinda. Hakuna mshiriki aliyegundua. Mimi niligundua, na kila nilipokaa kwenye kiti changu chenye magurudumu niliona haya, halafu nikazoea.

Mwezi wa saba nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni ushujaa. Katika semina zetu kulikuwa na visa vya kujadili, habari za watu wa kubuni katika nchi za kubuni, na washiriki hugawanywa vikundi waseme kama haki imevunjwa. Kuvichapa ilikuwa kazi yangu. Nikakitoa kisa cha tano, kilichohusu mtu na mbuzi wa jirani yake, nikaweka cha kwangu. Bwana M, umri wa miaka hamsini na saba, analinda mlango wa ukumbi wenye viti mia mbili na arobaini. Haruhusiwi kukaa. Ana cheti cha daktari kinachosema mguu wake utaharibika. Ameomba kiti miezi saba. Jadili.

Nilitumaini mtu mmoja, mmoja tu, atainua macho kutoka kwenye karatasi atazame mlangoni.

Washiriki walikuwa themanini na watatu, na sijapata kuona watu wakikasirika vile. Katika kikundi cha pili watu wawili walifuta machozi. Mama mmoja aliyevaa miwani mikubwa alipiga meza: "Hilo ni jengo la watu au zizi?" Wakapata vifungu vitano vilivyovunjwa, na Kifungu, aliyekuwa mwezeshaji siku hiyo, akawaongezea cha sita. Lazima niseme ukweli, alieleza vizuri kupita siku zote. Alisema haki haiishii pale jina la mwajiri linapobadilika. Alisema mwenye uwezo wa kuzuia madhara asiyazuie naye ana hatia. Alisema hatua kwa hatua maana yake ni kupiga hatua, siyo kuganda. Hakuchora mshale hata mmoja.

Ikatungwa taarifa ya kulaani. Mama wa miwani akaisoma kwenye kipaza sauti: washiriki wanalaani kwa kauli moja taasisi hiyo isiyo na aibu, na wanasimama pamoja na Bwana M. Makofi yakapigwa mpaka vioo vikatikisika. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na Mzee Wima alikuwa pale pale, mikono nyuma, anasikia kila neno. Kisha wakatoka kwenda kula, wote themanini na watatu, wakimpita ubavuni, naye akiwashikia mlango. Mama wa miwani akamkabidhi mkoba wake amshikie kidogo, anakwenda kunawa.

"Umesikia, mzee?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Huyo Bwana M ana bahati. Watu wote wale wamemsemea." Akauhamisha mkoba mkono wa pili, maana ulikuwa mzito. "Wewe ndiye uliyemwandika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Alasiri Mkurugenzi akaniita ofisini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kile kisa cha mlinzi! Kimenigusa mno. Umekitoa wapi? Kimetokea kweli?"

Mlango wake ulikuwa wazi. Ukinyoosha shingo uliiona kofia ya mzee. Suala la kiti lilikuwa limeandikwa katika kumbukumbu za vikao sita alivyoongoza yeye mwenyewe, na kila mara nililiandika kwa sentensi ile ile fupi, mpaka likawa kama alama ya uakifishaji. Kifungu alikuwa amekaa pembeni, ananitazama. Sijui mpaka leo kama alijua. Ninachojua ni kwamba mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na kwamba mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Nimekibuni, Mheshimiwa."

"Una kipaji," akasema.

Kisa kikaingizwa kwenye kitabu cha mafunzo. Kila semina walikijadili, kila semina walikasirika upya, na kila semina mzee aliwasikia wakikasirika. Mganga hajigangi, husema watu, na husema kama utani. Mimi niliuchukia utani huo tangu siku ile, na niliyemchukia zaidi nilikuwa nikikutana naye kwenye kioo.

Mwezi wa kumi, asubuhi ya Jumanne, nilimkuta kwenye safu ya tisa. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimejaa damu.

"Kaa, mzee!"

"Msimamizi..."

"Kaa hapo! Kaa!"

Hakukaa. Alijishusha taratibu mpaka sakafuni, akajinyoosha chali kati ya safu ya nane na ya tisa, akaweka kofia kifuani. "Karatasi imekataza kuketi," akaniambia, akijaribu kutabasamu. "Kulala haikutaja."

Safari hii kampuni ya ulinzi haikuchukua wiki sita. Barua ilifika siku ya tatu. Kwa kuzingatia haki yake ya msingi ya afya, na ili asiendelee kuhatarishwa na kazi ya kusimama, ajira yake imesitishwa. Barua ilitaja kifungu, na kifungu kilikuwa sahihi. Taasisi ilituma kadi ya pole, tukaisaini sote. Mahali pake akaletwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vipya. Akapanga viti, akavaa kofia, akasimama chini ya karatasi mbili, mikono nyuma.

Wiki ya pili nilimwona akiuhamishia mwili mguu wa kulia.

Nikarudi mezani kwangu. Mbele yangu palikuwa na kumbukumbu za kikao cha juzi yake, kikao cha saa tatu kuhusu rangi ya mapazia. Chini ya Yatokanayo, mahali pa sentensi ile ya miezi yote, nikaandika nyingine: "Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba kila mlinzi wa Taasisi apewe kiti lindoni na akikalie anapotaka, na kwamba mkataba na kampuni ya ulinzi urekebishwe hivyo mara moja." Nikaisoma mara mbili. Hakuna mtu aliyekuwa ametamka neno hata moja katika hayo. Nikapiga chapa, nikagawa nakala.

Siku ya kikao niliikalia mikono yangu.

"Kumbukumbu mmezipitia?" akauliza Mkurugenzi.

"Tumezipitia."

"Zina marekebisho?"

Kifungu akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akaufunga. "Hazina, Mheshimiwa."

Akatia saini.

Siku nne baadaye kiti cha bluu kilikuwa mlangoni, namba mia moja kumi na nane. Karatasi ya kampuni ilibanduliwa, ikabaki alama nne za gundi. Kampuni ilikubali kwa aya moja na kusema siku zote ilikuwa tayari, ilisubiri kuombwa tu. Wafadhili hawakuuliza. Kifungu siku hizi hulitaja azimio lile katika semina, kama mfano wa sheria ya kimataifa inavyoshuka kutoka kwenye mikataba ya mataifa mpaka mlangoni pa mtu. Anakumbuka hata mjadala wa siku hiyo ulivyokuwa mkali, na alivyousimamia.

Kwa miaka kumi na moja nimewaandika wataalamu wakibishana haki inatoka wapi: kwa Mungu, kwa maumbile, kwa akili ya binadamu, kwa makubaliano ya mataifa. Sina elimu ya kuwaamulia. Hii moja niliyoiona ikizaliwa ilitoka kwenye kalamu ya mtu mwoga, ikathibitishwa na watu ambao hawakuisoma. Ila yule mama amekaa, na mguu wake ameuweka juu ya ndoo aliyoigeuza.

Jumapili nikaenda kwa Mzee Wima kumpelekea habari. Walikuwa wakiishi chumba na sebule, cherehani ya mkewe karibu na dirisha, nguo za watu zimening'inia kila ukuta. Mzee alikuwa amekaa. Siku hizi hukaa tangu asubuhi mpaka jioni, mguu wa kushoto juu ya mto, umefungwa hadi gotini, gongo limeegemezwa kando. Kidonda kilikuwa kimekataa kufunga, na daktari alikuwa ameanza kuzungumza habari nyingine, ambazo mkewe alinidokeza kwa macho nisiziulize.

Sikungoja kukaribishwa vizuri. Nikamsimulia yote pale pale niliposimama: mapazia, sentensi, Kifungu alivyofunua kurasa, kiti namba mia moja kumi na nane.

"Hicho kina mguu umelegea," akasema. "Mwambie akikaze."

Nikamsimulia na habari ya dawa ya mende. Hapo alicheka mpaka machozi yakamtoka, mkewe akasimamisha cherehani ili naye acheke. Muda mrefu sikuwa nimefurahi namna ile.

"Kwa hiyo ni sentensi moja tu?" akauliza, akijifuta macho.

"Moja tu, mzee."

"Na hawasomi?"

"Hawasomi kabisa."

"Ulijua lini kwamba hawasomi?"

Ningeweza kumdanganya, nilikuwa nimeshapata uzoefu. "Mwaka wangu wa tatu," nikasema. "Miaka minane iliyopita."

Kicheko kikamwisha kidogo kidogo. Akautazama mguu wake juu ya mto, akauvuta mto ukae sawa. Mkewe alikuwa ameinama, anatafuta sindano isiyopotea. Nje watoto walikuwa wakigombania zamu ya kupanda baiskeli, na mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya sebule, mkoba mkononi, sijui niuweke wapi.

"Mama watoto," Mzee Wima akasema, kwa sauti yake ile ile ya mlangoni, "mletee mgeni kiti. Amesimama muda mrefu."